Fahamu: Daftari la kahawa linapohamia kwenye kompyuta

KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa chenye makao Moshi, kiliandikishwa mwaka 1933, enzi za daftari na wino. Leo Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania inatumia MUVU, mfumo wa kidijitali wa kusimamia vyama vya ushirika.

Kuunda programu ni kazi, ila kusafisha kumbukumbu za zamani ndiko kunakotoa jasho. Mkulima wa Kibosho anaweza kuwa daftarini kwa jina la ubatizo hapa, la ukoo pale. Kompyuta itahesabu watu wawili. Dawa ni namba moja kwa kila mwanachama, kilo zake zote zisomeke hapo. Na marehemu je? Kihamba, yaani shamba la urithi la familia, kina mrithi; hisa za chama nazo zinamhitaji.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zenye makosa. Nenda AMCOS yako, yaani chama chako cha msingi cha ushirika, uhakiki jina.