Mwizi Ahukumiwe, na Mlinzi Naye Aulizwe

Mwenye nyumba aliyelala milango wazi, akaamka na kukuta vyombo vyake vimepekuliwa, ana haki ya kupiga ukelele wa mwizi, na majirani wana wajibu wa kutoka na kumsaidia. Lakini mwizi akiisha kushikwa, na ikabainika ya kuwa ni kijana wa kijiji cha pili, hapo huzuka maswali mawili. Je, ahukumiwe na wazee wa kijiji chake, au akabidhiwe kwa yule aliyeingiliwa? Na je, huyo mwenye nyumba aliyeacha mlango wazi hana neno la kuulizwa?

Maswali hayo yaliisumbua Uingereza na Marekani kwa miaka kumi mizima, tangu 2002 hata 2012, kwa ajili ya mtu mmoja aitwaye Gary McKinnon. Twayatazama leo kwa sababu yamekuwa ya kila nchi. Mshahara wa mfanyakazi, cheti chake cha kuzaliwa, hati ya kiwanja chake na habari za ugonjwa wake, vyote sasa vinawekwa ndani ya kompyuta za serikali. Na mdukuzi aweza kuzifikia akiwa ameketi chumbani mwake, bahari mbili mbali.

Habari yenyewe ni hii. McKinnon, mzaliwa wa Glasgow huko Scotland, alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kukaa kaskazini ya London. Waendesha mashtaka wa Marekani walidai ya kuwa kati ya Februari 2001 na Machi 2002 aliingia bila ruhusa katika kompyuta 97 za serikali yao: 53 za jeshi la nchi kavu, 26 za jeshi la majini, 16 za NASA, lile shirika la safari za anga za juu, moja ya Wizara ya Ulinzi na moja ya jeshi la anga. Walidai tena ya kuwa alifuta mafaili muhimu, hata mtandao wa jeshi katika wilaya ya Washington, wenye kompyuta zaidi ya 2,000, ukazimika kwa saa 24. Na ya kuwa katika kituo cha silaha za majini cha Earle, jimbo la New Jersey, alifuta kumbukumbu za kompyuta ambazo mojawapo ilitumika kujua mahali zilipo meli za vita na utayari wake. Hasara yote walisema ilipita dola 700,000.

Yeye mwenyewe hakukana kuingia. Alilokana ni kuharibu. Alisema alikuwa akitafuta habari za vyombo vya angani visivyojulikana vitokako, ambavyo aliamini kuwa Marekani inawaficha walimwengu. Katika kompyuta moja ya jeshi aliacha hata ujumbe wa kuishutumu siasa ya Marekani ya mambo ya nchi za nje, akijiita Solo. Na alipoulizwa alipitia wapi, jibu lake liliwatia aibu wakubwa: alisema kompyuta nyingi alizozikuta hazikuwa na neno la siri lo lote, au zilikuwa na lile lile zilizotoka nalo kiwandani.

Tusije tukaeleweka vibaya. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Aingiaye nyumba ya watu usiku ni mkosaji, ajapokuwa hakuvunja kufuli, na ajapokuwa alikwenda kutafuta miujiza wala si fedha. Tena hayo yalitendeka, kwa sehemu, katika miezi iliyofuata mashambulio ya Septemba 11, 2001, wakati ambapo Marekani ilikuwa katika msiba na hofu. Mtu wa namna hiyo yafaa afikishwe mbele ya hakimu. Jambo lililokuwa likibishaniwa ni hakimu yupi.

Mwezi Novemba 2002 alishtakiwa huko Marekani kwa makosa saba katika jimbo la Virginia, na kila kosa liliweza kumtia kifungoni miaka kumi. Kisha akaahidiwa ya kuwa, akikubali mwenyewe kwenda na kukiri, adhabu yake itakuwa kama miaka mitatu hata minne, na sehemu yake kubwa ataitumikia kwao. Akikataa, atarajie miaka minane hata kumi, au zaidi. Akakataa. Majaji wa Baraza la Malodi waliyapima maneno hayo mwezi Julai 2008, wakaona ya kuwa hayakuvuka mpaka wa sheria. Sisi tusio majaji twasema tu ya kuwa mnyonge akiambiwa hivyo na mwenye nguvu, ni vigumu kwake kutambua mapatano yanakoishia na vitisho vinakoanzia.

Sheria yenyewe ndiyo iliyowachoma Waingereza wengi. Mkataba mpya wa kukabidhiana washtakiwa ulitiwa sahihi Washington mwezi Machi 2003, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka huo huo ikaanza kutumika Januari 2004. Kwa sheria hiyo Marekani haikuhitaji tena kuweka mbele ya hakimu wa Kiingereza ushahidi wa kutosha kumfanya mtu awe na kesi ya kujibu. Maelezo ya kuleta shaka ya haki yalitosha. Tena Bunge la Marekani likachelewa kuuthibitisha mkataba huo hata mwaka 2006. Basi wananchi wakauliza: Je, huu ni mkataba wa ndugu wawili, au wa bwana na mtumishi? Ni kweli ya kuwa jaji mstaafu, Sir Scott Baker, aliyeagizwa na serikali kuichunguza sheria hiyo, alitoa taarifa mwezi Oktoba 2011 akisema haikuelemea upande mmoja. Lakini taarifa ya mwanasheria na moyo wa mwananchi ni mizani mbili, na serikali yenye busara huzitazama zote mbili.

Hapo ndipo rai ya watu ilipoonyesha nguvu yake. Mama yake McKinnon, Bi Janis Sharp, hakuwa na cheo wala jeshi. Alikuwa na barua, simu na subira. Mahakama moja baada ya nyingine ilimkatalia mwanawe, na mwezi Agosti 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikakataa kuzuia safari. Mwaka huo huo madaktari walithibitisha ya kuwa ana hali ya Asperger, ambayo ni namna moja ya usonji. Mwaka 2009 gazeti kubwa la London likaanza kumpigania, waimbaji wenye sifa wakamwimbia, na wakuu wa vyama vilivyokuwa upinzani, David Cameron na Nick Clegg, wakamtetea hadharani. Mei 2010 hao wawili wakashika serikali. Mwezi Julai Bw. Cameron alipokwenda Washington kuonana na Rais Obama, neno hili lilikuwamo katika mazungumzo yao. Hata hivyo mama yule alingoja miaka miwili mingine. Ndipo mnamo Oktoba 16, 2012, Waziri wa Mambo ya Ndani, Bi Theresa May, alipowaambia wabunge ya kuwa hatampeleka, kwa sababu hatari ya mtu huyo kujiua ilikuwa kubwa mno hata kumpeleka kungevunja haki zake za ubinadamu.

Wengi walishangilia. Nasi hatumwonei kijicho mama aliyebakiziwa mwanawe. Lakini mwandishi mwaminifu hana budi kusema na la upande wa pili. Siku kumi na moja tu kabla ya hapo, Oktoba 5, 2012, Uingereza ilikuwa imewakabidhi Marekani watu watano kwa ndege usiku. Mmoja wao alikuwa kijana mzaliwa wa London, aliyekwisha kukaa gerezani miaka sita bila ya kuhukumiwa, na ambaye madaktari walikuwa wamethibitisha kuwa ana hali hiyo hiyo ya Asperger. Yeye alishtakiwa kwa habari za ugaidi, si za udukuzi. Lakini ugonjwa ni ule ule na sheria ni ile ile. Kelele za magazeti hazikupazwa kwa ajili yake kwa kiasi kile. Rai ya watu ni silaha njema, walakini mara nyingine humtazama mtu sura na jina kabla ya kuisikiliza kesi yake. Huruma yenye kuchagua haitoshi kuwa msingi wa haki.

Tena kati ya wale watano walikuwamo watu wawili walioshtakiwa kwa habari ya mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam. Mmoja alikiri makosa mwaka 2014, na mwingine alitiwa hatiani mjini New York mwaka 2015 na kufungwa maisha. Waliokufa siku ile walikuwa, kwa sehemu iliyo kubwa sana, watu wetu: makarani, wapita njia, abiria, walinzi wa milangoni. Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kusema ya kuwa kukabidhiana washtakiwa ni uovu. Kama kila nchi ingemficha mkosaji kwa sababu tu amekimbilia kwake, damu ile ingelilia hata leo bila ya kujibiwa.

Bali hata katika msiba ule tulifundishwa mpaka. Mtanzania mmoja aliyeshtakiwa kwa bomu la Dar es Salaam alikamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999, akakabidhiwa upesi kwa Wamarekani. Mwezi Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatamka ya kuwa serikali yake ilikosea, kwa kuwa haikudai kwanza ahadi ya kwamba hatauawa. Mahakama ile haikumwonea huruma muuaji. Ililinda heshima ya nchi yake. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha maisha, wala hakuna aliyesema haki imepotea.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, aliyetenda kosa akiwa ameketi katika nchi yake, na nchi hiyo ina sheria ya kulikataza kosa hilo, ahukumiwe hapo kwao, na ushahidi uletwe. Karatasi na mafaili husafiri kwa wepesi kuliko mwanadamu. Uingereza yenyewe iliifuata njia hiyo ilipoongeza katika sheria yake, mwaka 2013, uwezo wa mahakama kumzuia mtu asipelekwe ikiwa haki itatendeka vema zaidi nyumbani. Kwa sheria hiyo, Februari 2018, Lauri Love wa Suffolk, aliyeshtakiwa kuingia katika kompyuta za jeshi la Marekani na za NASA, aliachwa asipelekwe.

Pili, kumzuia mtu asipelekwe kusiwe ni kumsamehe kwa mlango wa nyuma. Mwezi Desemba 2012 waendesha mashtaka wa Uingereza walitangaza ya kuwa McKinnon hatashtakiwa hata kwao, kwa kuwa mashahidi na ushahidi vilikuwa Marekani na matumaini ya kushinda kesi yalikuwa madogo. Hivyo baada ya miaka kumi hakuhukumiwa po pote: wala hakuadhibiwa, wala hakusafishwa jina. Hiyo si haki kwa ye yote.

Tatu, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, mlinzi naye aulizwe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni rahisi kwa mkubwa wa ofisi kunyosha kidole kwa mdukuzi wa mbali, kuliko kueleza kwa nini ghala aliyokabidhiwa haikuwa na kufuli. Kama adhabu ya kutisha ingekuwa ngome, Marekani ingelala salama baada ya kumwandama mtu mmoja kwa miaka kumi. Lakini mwaka 2015 ilitangazwa ya kuwa wadukuzi waliingia katika ofisi ya utumishi ya serikali ile ile, wakachukua habari za watu milioni 21.5, wengi wao wafanyakazi wa serikali na walioomba kazi, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Wakaguzi walikuwa wameonya mapema juu ya udhaifu wa mitambo hiyo. Mkuu wa ofisi akajiuzulu. Lakini alama ya kidole haibadilishwi kama neno la siri. Mfanyakazi yule ataibeba hasara yake mpaka kaburini.

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni ya Wazungu. Mwezi Julai 2023 mitambo ya eCitizen ya Kenya, ambayo wananchi huombea huduma za serikali kwa maelfu, ilishambuliwa kwa kulemewa na maombi ya uongo, na wasafiri na wafanyabiashara wakakwama. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilijitangaza kuwa ndicho kilichofanya. Mwezi Oktoba 2024 walioshtakiwa kwa mashambulio ya kikundi hicho, ndugu wawili Wasudani, walishtakiwa Marekani. Aliyeumizwa alikuwa Mkenya pia, lakini mwenye kuandika hati ya mashtaka ni Mmarekani. Nchi isiyofundisha mafundi wake na wapelelezi wake itakuwa ikingoja haki kutoka kwa jirani, kama mtu angojaye moto wa kuazima.

Ndugu wafanyakazi, ulinzi wa mtandao wa serikali hauanzi kwa waziri, unaanza mezani pako. Karani anayeandika neno la siri katika kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kompyuta, na mkubwa anayempa msaidizi ufunguo wake kwa kuwa anaona uvivu kuufungua mwenyewe, wote wawili wameacha mlango wa taifa wazi. Mdukuzi akiisha kuingia, twaweza kubishana miaka kumi juu ya mahali pa kumhukumu. Usiku huu mlango ungali mkononi mwetu, nasi tuufunge.