Unavuta mzigo mzito? Giaboksi inaweza kuungua huku mshale wa temperecha umetulia

Ukikaa nusu saa tu pale Tegeta Kibaoni utaziona: Canter, Fuso na pickup zimejaa mpaka springi zimelala, nyingine zina tela nyuma. Zinabeba saruji kutoka Wazo Hill, ambako kiwanda kimekuwa kikizalisha tangu 1966, au kokoto na mchanga kwenda saiti za Bunju, Madale na Goba.

Madereva wengi wa magari hayo wana tabia moja nzuri: macho hayabanduki kwenye mshale wa temperecha. Tatizo ni kwamba mshale ule unapima joto la maji ya injini tu. Giaboksi za manyuo kwenye magari mengi ya aina hii hazina geji yoyote. Mshale unaweza kuwa katikati, rejeta iko poa, na chini ya miguu yako giaboksi inapikika.

Bei ya kosa hilo mwenye gari anaijua. Giaboksi ikiungua, gari linalala gereji, mzigo wa mteja umekwama na hesabu ya siku hakuna.

Joto linatoka wapi?

Kila gia mbili zinaposagana, sehemu ndogo ya nguvu ya injini hugeuka kuwa joto. Ni kama asilimia moja au mbili kila zinapokutana. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: injini ikitoa kilowati 80 kupandisha mlima na giaboksi ikapoteza asilimia 3, hizo ni kilowati 2.4. Ni sawa na kuwasha pasi mbili za umeme na zaidi ndani ya boksi la chuma lililofungwa.

Kazi ya kulipoza boksi hilo inafanywa na vitu viwili tu: oili inayorushwarushwa na gia zenyewe, na upepo unaopita chini ya gari. Giaboksi nyingi za magari haya hazina rejeta yake. Sasa weka gari lenye tani za mchanga kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo mchana wa Januari. Upepo hakuna, lami inafuka joto, na kila baada ya mita tano unaondoka upya na gia namba moja.

Kampuni ya Eaton, inayotengeneza giaboksi za Fuller za malori makubwa, inashauri oili isifanye kazi muda mrefu ikiwa juu ya nyuzi joto 120. Kuna kanuni ya kukadiria pia: oili ikishakuwa moto kupita kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Oili ikichoka, vyuma vinagusana, joto linapanda tena, na mwisho beringi zinakufa.

Sababu kubwa ni oili, si mzigo peke yake

Gari linaweza kubeba uzito wake halali miaka na miaka bila shida. Kinachoua haraka ni mzigo mzito juu ya oili iliyopungua. Sili ya nyuma ikivuja matone machache kila siku, hakuna taa itakayowaka kukuambia.

Kupima ni rahisi. Simamisha gari sehemu tambarare, zima injini, acha lipoe. Fungua bolti ya ubavuni mwa giaboksi, ile ya kujazia. Oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu hilo. Ukiingiza kidole na hukuigusa, imepungua. Ikimwagika nyingi, ilizidishwa, na hiyo nayo ni mbaya: gia zinaikoroga, inatoa povu na kuchemka.

Angalia pia tundu la kupumulia juu ya giaboksi. Likizibwa na tope, presha inapanda ndani na kusukuma oili nje kupitia sili. Fundi anabadilisha sili, wiki mbili inavuja tena, kumbe tatizo lilikuwa tope.

Halafu kuna aina ya oili. Usikubali "tia yoyote tu, zote oili". Soma kitabu cha gari au muulize fundi anayelijua gari hilo. Kama limeandikiwa GL-4, usiweke GL-5 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Baadhi ya GL-5 zina kemikali za kuhimili shinikizo la difu, na giaboksi ikipata moto kemikali hizo zinaweza kula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kugonga.

Dalili za kuzisikiliza

Kwanza tofautisha giaboksi na klachi. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, na kuna harufu kama ya breki zilizoungua, hiyo ni klachi inateleza.

Giaboksi yenyewe ikizidiwa hivi ndivyo inavyosema:

- Gia zinaingia vizuri asubuhi, lakini baada ya safari ndefu zinagoma.
- Gia inaruka yenyewe kwenda nyutro ukiwa mlimani.
- Kuna mlio wa kuvuma unaobadilika ukibadili gia.
- Kuna harufu kali ya oili, na sakafu karibu na mti wa gia ni ya moto kuliko kawaida.

Wakati wa kumwaga oili, tazama kwenye bolti ya chini kama ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari mbaya. Usirudishe gari kazini kabla fundi hajafungua.

Uendeshaji unaopunguza joto

Usivute mzigo mzito kwa gia ya mwisho. Kwenye pickup na Canter nyingi za gia tano, namba nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kusaga gia mbili pembeni. Namba tano ni ya kukimbilia gari likiwa jepesi. Ukiwa na tela nyuma, namba nne ni rafiki.

Shusha gia kabla ya mlima, usisubiri injini ianze kutetemeka. Na usilishikilie gari mlimani kwa klachi nusu, tumia handbreki.

Usishuke mlima ukiwa fri. Ukizima injini, giaboksi nyingi zinakosa oili inayorushwa wakati shafti ya nyuma inazunguka kwa kasi. Hata injini ikiwa inaunguruma, mzigo wote umeachiwa breki. Kwenye Kitonga au mteremko wowote mkali, huko ni kucheza na roho za watu.

Pima mzigo kwa uzito, si kwa macho. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6, na ukilowa mvua za masika unazidi hapo. Tela lile lile, kimo kile kile, mzigo tofauti kabisa.

Ikichemka njiani

Toka barabarani, weka pembetatu za kuakisi, acha gari lipoe. Usimwagie maji ya baridi: boksi la aluminiamu likiwa moto linaweza kupasuka. Usifungue bolti ya oili muda huo, itakuunguza. Likipoa, chungulia chini. Kama oili inachuruzika au kuna mlio wa chuma, usiendelee "taratibu mpaka gereji". Hizo kilomita chache ndizo zinazogeuza ukarabati wa beringi kuwa ununuzi wa giaboksi nzima.

Na gari bovu likivutwa?

Hapa ndipo giaboksi nyingi nzima hufa. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likivutwa umbali mrefu, injini imezimwa na magurudumu hayo yapo chini, shafti ya nyuma inazunguka lakini gia zinazorusha oili zimelala. Beringi zinakauka na kuungua, ingawa gari liko nyutro na "halifanyi kazi".

Kabla ya kufunga mnyororo, mwambie fundi afungue propela au magurudumu ya nyuma yanyanyuliwe. Ni kazi ya spana na nati chache. Dereva wa breakdown akikwambia haina haja, msisitize: giaboksi ni ya kwako, siyo yake.