Nondo Bogong wa Milima ya Australia

Nondo tuliyezoea kumtaja ni yule aharibuye mavazi. Huyu ni mwingine. Viwavi wake hukulia nchi tambarare. Apatapo mabawa, husafiri usiku hata kilomita 1,000, akiongozwa na nyota na usumaku wa dunia, mpaka milima mirefu ambako hajapata kufika. Huko hulala mapangoni kiangazi chote, nondo 17,000 katika mita moja ya mraba (twastaajabu jinsi watoshavyo), kisha hurudi kutaga na kufa. Wenyeji wa asili waliwachoma na kuwala, kwa wingi wa mafuta yao. Ukame wa 2017 hadi 2019 ulipowapunguza mno, possum mdogo wa vichaka vya milimani, awategemeaye aamkapo katika usingizi wa baridi, alikosa chakula. Watoto wengi walikufa mifukoni mwa mama zao.