Tarehe 8 ya mwezi wa tatu: tunatembea kwa kudai nini?



Kila mwaka mwezi wa tatu ukikaribia, ulizo katika vikundi vyetu ni lile lile: kikwembe cha mwaka huu ni kipi, na bei gani? Mama asiye na pesa anabaki nyumbani siku ya defile, kwa sababu anaona haya kupita na nguo ya zamani.

Tukumbuke wenzetu waliotangulia. Tarehe 13 ya mwezi wa sita 1908, kule London, wanawake karibu 10,000 walitembea wakidai haki ya kupiga kura. Walibeba mabango ya kitambaa, mengi wameyashona kwa mikono, yenye majina ya miji yao na kazi zao. Aliyesimama kando ya njia alijua ni nani wanaopita na wanataka nini. Hawakupewa siku ile. Wenye miaka 30 na zaidi walianza kupata mwaka 1918, na usawa na wanaume ulifika 1928.

Hapa kwetu, katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 wanaume peke yao ndio walipiga kura. Bibi zetu walipewa haki hiyo kwa Katiba ya 1967.

Na tarehe 17 ya mwezi wa kumi 2010, Matembezi ya Wanawake Duniani yalifungwa Bukavu. Wanawake karibu 20,000, pamoja na wageni toka nchi zaidi ya 40, walidai amani na mwisho wa ubakaji. Vita haikuisha. Lakini mambo tuliyonong'onezana jikoni yalisemwa mchana, katikati ya barabara.

Sisi wa Shabunda tuko mbali na Bukavu, na njia tunaijua. Basi tutembee hapa hapa, lakini tujipange. Kila kikundi kikae mapema, kichague dai moja tu: barabara, maternite, ama karo ya wasichana. Tulishone kwenye kitambaa kimoja, kwa pesa kidogo ya likelemba. Mama yeyote aingie mstarini na nguo aliyo nayo.

Defile ikiisha, wamama watano wapeleke barua ya dai lile kwa administrateri wa teritware, na mwezi unaofuata warudi kuuliza jibu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinatupa haki ya kuwakilishwa sawa na wanaume. Tusingoje mwaka mwingine ili tukumbushe.