Kabla Ulipe Dipoziti: Mita 30 Kutoka Mtoni Si Dawa ya Mafuriko

Umepata keja. Bedsita safi, tailsi zinang'aa, maji ya bomba yapo, na steji ni mwendo wa dakika tano. Umeenda kuicheki Januari, jua ni kali, na huo mto nyuma ya ploti unaweza kuuruka bila kulowesha raba. Unamuuliza keateka kama maji hufika hapa. Anacheka. "Hapa? Zii, mto uko mbali."

Manze, hiyo "mbali" ndio inafaa kukushtua. Mbali kutoka wapi?

Hesabu ya mita 30 wengi wetu tulianza kuiskia Aprili na Mei 2024, wakati mafuriko yaliua karibu watu 300 hapa Kenya. Serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000 ya kujipanga. Tangu hiyo siku mtaani kila mtu anatembea na tepu kichwani. Uko mita 31? Lala. Uko mita 29? Panga virago.

Shida ni kwamba hivyo sivyo sheria inapima, na maji yenyewe hayana habari na tepu yako. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasema usilime wala kujenga kwenye upana sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kila upande. Kisha inakuja ile sehemu watu huruka: mita hizo zinahesabiwa kutoka pale mafuriko makubwa zaidi kwenye rekodi yalifika. Si kutoka ukingo uliouona Januari. Soma tena hiyo sentensi, halafu ujiulize nani amewahi kuweka alama ya hapo mahali mtaani kwenu.

Bila hiyo alama, tepu ni mapambo. Chukua mto ulio chini ya genge la mita 10. Nyumba iliyo juu ya hilo genge, mita 15 tu kutoka mtoni, inaweza kukaa miaka yote bila kuona tone (genge likimomonyoka hiyo ni stori ingine). Sasa chukua mahali tambarare kama sehemu nyingi za South C ama Mukuru. Kama ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 100, mto ukipanda juu ya ukingo kwa mita 1 tu, maji yamekufuata mita 100 hadi mlangoni. Ule msee wa mita 31 anaelea na kitanda chake, na bado hajavunja sheria yoyote.

Kwa hivyo wapangaji wa miji wakisema wanakadiria hatari ya mafuriko, hawapimi umbali pekee. Wanauliza maji yatafika wapi, kwa kina gani na kwa kasi gani. Halafu wanauliza nani na nini kiko hapo. Halafu, hao walio hapo wataumia kiasi gani. Hilo swali la mwisho ndio hufanya mvua moja iwe usumbufu wa foleni Kilimani na iwe msiba Mathare. Kwa mtu wa gorofa ya nne, maji ya kufika goti ni selfi. Kwa mama mwenye watoto wawili kwenye mabati, usiku, na mlango unafungukia nje, ni kitu kingine kabisa. Na usidharau maji machache: sentimita 15 zinazokimbia zinaweza kukuangusha, na sentimita 60 zinabeba magari mengi.

Kuna neno lingine huwachanganya watu: "mafuriko ya miaka 100". Ukiskia hivyo unadhani yakikuja 2024 basi tumemaliza hadi 2124. Zii. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 100 yafike kiwango hicho. Kila mwaka unatupa dadu upya, na dadu haikumbuki mwaka jana. Landilodi akijenga hapo na nyumba ikae miaka 30, nafasi ya kuona hayo mafuriko angalau mara moja ni kama asilimia 26. Na wewe mpangaji? Kama keja iko mahali pa mafuriko ya miaka 10 na umepanga kukaa miaka 5, nafasi yako ni asilimia 41. Ungeweka pesa yako ya dipoziti kwa beti kama hiyo?

Alafu kuna maji ambayo hayatoki mtoni kwenu kabisa. Aprili 29, 2024, kabla kupambazuke, maji yalishuka Mai Mahiu yakaua zaidi ya watu 45. Mwanzo watu walisema bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ikaeleza baadaye kuwa ni njia ya maji chini ya reli ndio iliziba na takataka, miti na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakalivunja. Hao watu hawakuwa wamejenga kando ya bwawa. Tuta la reli liligeuka bwawa usiku. Ndio maana kucheki hatari inamaanisha pia kuangalia kila daraja, kalvati na tuta lililo juu yako, na kuuliza: hii ikiziba, maji yatapitia wapi?

Na juu yako kuna watu pia. Kila uwanja ukipigwa lami na kila bustani ikigeuzwa parking, maji yaliyokuwa yanaingia mchangani sasa yanakimbilia mtaroni, na mtaro unamwaga mtoni. Mto Mathare unapita Muthaiga kabla ya kufika Mathare. Kwa ubabi wanamwaga haraka, huku chini tunapokea haraka. Hata Mto Ngong, unaopita Mukuru, unatoka kwa Nairobi Dam, bwawa la 1953 ambalo sasa limejaa matope na magugu hadi halina nafasi ya kushika maji mengi.

Sasa, wewe na hiyo bedsita. Usiulize keateka, yeye analipwa keja zijae. Uliza mama wa kibanda, yule amekuwa hapo miaka kumi. Usimuulize "maji hufika?", muulize "2024 maji yalifika wapi?", akuonyeshe na mkono. Ukipata mzee anayekumbuka El Niño ya 1997 ama mafuriko ya 1961, huyo ni rekodi inayotembea, mnunulie chai. Angalia ukuta: rangi mpya kutoka chini hadi kwa goti, na juu ni ya zamani, haikuwekwa juu ya urembo. Angalia kama majirani wamejenga kizingiti kirefu mlangoni, ama soketi zimehamishwa juu. Angalia takataka zilizonasa kwa ua na matawi kando ya mto, zile karatasi za nailoni ziko juu kiasi gani? Hapo ndio maji yalifika mara ya mwisho. Skiza hata jina la mtaa. Bondeni ni bondeni. Kware ilikuwa machimbo ya mawe, na shimo huita maji.

Ukiwa na bando, fungua Google Earth, haina malipo. Inakuonyesha urefu wa ardhi, na kwa picha za zamani unaweza kuona kama hiyo ploti ilikuwa kinamasi miaka 15 iliyopita. Usiamini tu tofauti ya mita 2 ama 3, hivyo vipimo huwa na makosa.

Lakini ukweli usemwe, si kila mtu ana chaguo. Renti iko chini pale maji yanafika, na watu wanajua hivyo vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Ndio maana hii kazi haiwezi kuachiwa mpangaji na macho yake. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi, na wananchi waitwe watoe maoni. Mukuru ilitangazwa eneo maalum la mipango 2017, na wakaaji wenyewe waliingia kwenye kuupanga mtaa wao, barabara na mitaro ikiwemo. Inawezekana. Na ardhi ya mafuriko haifai kukaa bure. Michuki Park pale katikati ya tao, kando ya Mto Nairobi, ilikuwa jalala kabla isafishwe 2008. Maji yakipanda hapo, nyasi inalowa na benchi zinajaa matope. Hakuna mtu aliyekuwa amelala.

Kwa hivyo kaunti ikiita mkutano wa maoni mtaani kwenu, enda, hata kama ni kwa sababu ya soda. Wakitaja mita, waulize zinaanzia wapi. Wakionyesha ramani, waulize huo mstari ni wa mafuriko ya miaka mingapi, na ulichorwa kabla ama baada ya 2024. Waulize shule na kliniki ziko upande gani wa mstari. Na kama kuna mtu anabomolewa, waulize anapelekwa wapi, juu akikosa pa kwenda atarudi hapo hapo mvua ikiisha.

Na ile bedsita? Kama bado unaitaka, uliza kama kuna nafasi gorofa ya pili.