Mtoto Asomaye na Kamusi: Mfano wa Katoro

Kamusi haimfai mtu asiyeujua mlango wake. Watu wengi hudhani kwamba mtoto akisha kujua mpangilio wa herufi, kutoka A hadi Z, basi amekwisha kuupata mlango huo. Kwa msomaji wa Kiswahili sivyo. Katika lugha ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, kama Kiingereza, mtoto aweza kuanza kutafuta kwa herufi ya kwanza aionayo kitabuni. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni, na kwa hiyo herufi ya kwanza mara nyingi humpoteza.

Chukua sentensi hii: “Wachimbaji hawakuyaona mawe yaliyopasuka.” Ina maneno manne, wala hapana hata moja linalopatikana kamusini kwa herufi yake ya kwanza. La kwanza liko chini ya M, mchimbaji. La pili chini ya O, ona. La tatu chini ya J, jiwe. La nne chini ya P, pasuka, na asiyelikuta hapo hulitazama katika pasua. Mtoto atakayekwenda W, H, M na Y atarudi mikono mitupu mara nne, na baada ya hapo ataamini ama kwamba kitabu hakina maneno, ama kwamba yeye hana akili. Imani zote mbili ni za uongo, na zote mbili humfanya akifunge kitabu.

Sababu moja ya shida hii ni ya kihistoria. Kamusi kubwa za mwanzo, ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya 1903, na ile ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, zilikusudiwa hasa wageni waliojifunza lugha. Hiyo ya 1939 iliyakusanya maneno mengi chini ya mzizi wake, hata mchezo ukatafutwa katika cheza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyapa majina mahali pake yenyewe, kila moja kwa herufi yake katika umoja. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini kazi ya kulirudisha neno katika umoja, au kitendo katika shina lake, ingali ya msomaji, na mtoto hana budi kuonyeshwa namna ya kuifanya.

Katoro, mji wa biashara katika Mkoa wa Geita, ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Dhahabu na biashara vimewaleta huko watu wa makabila mengi, na darasani mtoto wa Msukuma huketi pamoja na wa Mzinza, Msubi, Msumbwa, Mha na Mhaya. Jambo la kufurahisha ni kwamba watoto hawa hawaanzi mikono mitupu. Asemaye ng'wana na bana, munhu na banhu, amekwisha kuijua kanuni yenyewe kwa lugha ya mama yake: mwanzo wa neno hugeuka, kiini hubaki. Mwalimu aweza kuanzia hapo.

Ugumu wa pili ni wa matamshi. Kisukuma hakina sauti za dh na th kama za Kiswahili, na r mara nyingi hugeuzwa l. Hivyo mtoto aliyezaliwa juu ya dhahabu huisikia ikiitwa “zahabu”, akaitafuta chini ya Z, asiione. Baya zaidi ni pale akutapo neno jingine la kweli. Akitafuta thamani kwa sauti ya “samani” atapata vyombo vya nyumbani. Akitafuta karamu kwa sauti ya “kalamu” atapata chombo cha kuandikia. Naye hatajua kwamba amepotea. Dawa yake ni kumzoeza kulichukua neno kwa jicho, si kwa sikio: aliandike kama lilivyo kitabuni, kisha ailinganishe karatasi yake na kamusi herufi kwa herufi. Hapo kamusi humsahihisha bila ya kumwaibisha mbele ya wenzake.

Mafundisho yafaa yaanze kwa mdomo, kabla kitabu hakijafunguliwa. Kwa majina, mtoto aambiwe aseme “moja”: mawe, jiwe moja, nyuso, uso mmoja, vyura, chura mmoja, kuta, ukuta mmoja. Kwa vitendo, amwamuru mwenzake. Katika hawakuyaona, atasema “Ona!”, katika walipokichimba, “Chimba!” Amri kwa mtu mmoja humpa shina karibu kila mara. Vitendo vifupi tu ndivyo vinavyokataa, maana husemwa “Kula!” na “Njoo!”, hali katika kamusi hutafutwa la na ja; hivyo ni vichache, na vyaweza kuandikwa ukutani. Sifa zije mwisho, kwani kutoka njema na jema mpaka -ema ni safari ndefu kwa mtoto wa Darasa la Tatu.

Wakati wa kusoma, mtoto asiikimbilie kamusi kila akutapo neno geni, maana atalisahau shauri la hadithi. Asome aya yote, akisie maana, kisha atafute lile neno moja linalomzuia. Akilipata, airudishe maana katika sentensi na kuijaribu. Kaa la moto, kaa wa baharini na kaa chini vyote vimo kamusini; sentensi pekee ndiyo iwezayo kuchagua. Shule yenye nakala moja haina sababu ya kungoja: nakala ikae mezani, na kila siku watoto wawili wapewe zamu ya kuwatafutia wenzao maneno matatu.

Jambo la mwisho lawahusu watunzi wa kamusi wenyewe. Mtoto wa Geita alijua duara kuwa shimo la wachimbaji kabla hajalijua kuwa umbo la mviringo. Alijua karasha isagayo mawe, na mwalo ambapo mchanga wa dhahabu huoshwa, hali pwani ya ziwa mwalo ni mahali pa kushushia samaki. Kamusi ikimpa maana ya mviringo peke yake, asidhani kwamba baba yake amekosea. Afundishwe kuiandika maana ya kwao katika daftari la darasa, pamoja na sentensi iliyotumiwa. Kwa njia hiyo atajifunza kwamba kamusi hukusanywa kutoka vinywani mwa watu, na daftari kama hilo, likiwekwa kwa uangalifu, laweza siku moja kumfaa mchunguzi.