Mpango wa Dar es Salaam Ufanyiwe Marekebisho Hadharani

Bei ya kiwanja Dar es Salaam hupanda siku habari za barabara mpya zinapoanza kusikika, muda mrefu kabla ya lami kumwagwa. Dalali wa Goba, benki inayoshikilia hati kama dhamana, kampuni ya ujenzi inayotafuta eneo la ghorofa na mfanyabiashara anayekodi fremu karibu na kituo cha mwendokasi wote wanafanya kazi moja: wanakisia jiji litaelekea wapi. Mahali pa kupata jibu la kisio hilo ni mpango kabambe, yaani waraka unaosema wapi watu wataishi, wapi watafanya kazi na watasafiri vipi kati ya hapo. Mpango wa sasa ni wa mwaka 2016 hadi 2036, na mwaka 2026 unafika nusu ya umri wake. Huu ndio wakati wa kuurekebisha, na marekebisho yatawafaa wafanyabiashara na wakazi kwa masharti matatu: ardhi na usafiri vishughulikiwe katika waraka mmoja, mapitio yawe na ratiba inayojulikana, na kila badiliko litangazwe kwa ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Historia ya jiji hili inaonyesha gharama ya kuuacha mpango uzeeke. Dar es Salaam ilipata mpango mwaka 1949, ukafuata wa 1968, kisha wa 1979. Baada ya hapo zilipita zaidi ya miongo mitatu bila mpango kabambe mpya, ingawa katika miaka ya 1990 kulikuwa na juhudi za kuandaa mkakati wa maendeleo ya jiji. Wakati huo watu hawakusubiri. Sensa ya 2002 ilihesabu wakazi takriban milioni 2.5; ya 2012 ikahesabu 4,364,541; ya 2022 ikafikia 5,383,728. Wengi wao walinunua vipande vya ardhi kwa makubaliano ya mtaani, wakajenga, ndipo daladala zikawafuata na barabara ikaja mwisho. Ndiyo sababu takwimu zinazotajwa mara nyingi zinaweka sehemu ya wakazi wanaoishi katika makazi yasiyopangwa kuwa karibu asilimia 70. Kila nyumba iliyojengwa nje ya ramani ilikuwa badiliko la mpango, ila halikuandikwa popote, na leo serikali inalipia badiliko hilo kupitia urasimishaji, fidia na mabomba yanayopita kwa kupinda.

Tatizo la pili ni kwamba ardhi na usafiri vina wenyewe tofauti. Mpango wa matumizi ya ardhi uko chini ya Wizara ya Ardhi na halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mpango mkuu wa usafiri wa jiji uliandaliwa kando, kwa msaada wa Japani, mwaka 2008 na ukapitiwa upya mwaka 2018. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, mabasi ya mwendokasi ni ya DART, reli ni ya TRC. Halmashauri nazo ni tano, na tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupewa hadhi ya jiji, hakuna tena baraza moja la madiwani linaloangalia mkoa mzima kama soko moja la ardhi na ajira. Mkazi wa Mbagala anayefanya kazi Kariakoo na kununua kiwanja Kigamboni anavuka mipaka ya mamlaka kadhaa kwa siku. Mpango unaomhusu hauvuki mipaka hiyo kwa wepesi huo.

Matokeo yanaonekana kwa fedha. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Kariakoo, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Karakana yake iliwekwa Jangwani, ndani ya Bonde la Msimbazi, eneo ambalo mafuriko yake yalijulikana vyema na ambalo maafa ya Desemba 2011 yalilazimisha wakazi kuhamishiwa Mabwepande. Mvua kubwa zimerudi tena na tena kuisimamisha huduma, na sasa mradi wa kuendeleza bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umebeba pia gharama ya kuihamisha karakana. Mwaka 2017 mamia ya nyumba na maduka kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, yaliwekewa alama ya X na kubomolewa kwa sababu yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kigamboni, mpango wa mji mpya uliotangazwa na kisha kuachwa uliwazuia wamiliki kwa miaka kadhaa kujenga, kuuza au kukopea ardhi yao. Katika visa vyote vitatu, ramani ya usafiri na ramani ya ardhi hazikuwahi kusomwa pamoja mbele ya watu waliokuwa wakiwekeza hapo.

Upande wa pili wa hesabu ni faida inayopotea. Basi la mwendokasi huhitaji abiria wengi wanaoishi na kufanya kazi karibu na vituo. Curitiba, nchini Brazil, iliuelewa uhusiano huo katika mpango wake wa 1966: majengo marefu yaliruhusiwa kando ya mihimili michache, na kuanzia 1974 mabasi yenye njia zao yakapita humo humo. Kwetu, sehemu kubwa ya ardhi kati ya Magomeni na Kimara bado ni nyumba za chini, hali ardhi hiyo ina usafiri bora kuliko viwanja vinavyouzwa Kibamba. Marekebisho yenye maana yangeruhusu maghorofa na biashara mchanganyiko ndani ya mwendo wa miguu kutoka vituoni, yangepunguza masharti ya maegesho ya magari hapo, yangetenga nafasi rasmi za wamachinga na bodaboda, na yangepanga mapema maeneo ya kuzunguka vituo vya awamu za Mbagala na Gongo la Mboto kabla wauzaji hawajayakatakata. Kuhamishwa kwa kituo cha mabasi ya mikoani kutoka Ubungo hadi Mbezi Luis mwaka 2021 kulionyesha jinsi uamuzi mmoja wa usafiri unavyohamisha nyumba za wageni, mama lishe na mawakala wa tiketi. Uhamisho wa aina hiyo ungestahili kuonekana kwenye mpango miaka kadhaa kabla.

Kuna pingamizi la wawekezaji: mpango unaobadilika hauaminiki, na benki haikopeshi juu ya mashaka. Hoja hiyo ina uzito, ila inalenga pasipofaa. Kinachotia mashaka ni badiliko lisilo na tarehe, kama kibali kimoja cha kubadili matumizi ya ardhi kinachotolewa leo na kingine kesho bila jirani kujua. Jiji la São Paulo lilipopitisha mpango wake mwaka 2014 liliandika ndani ya sheria yenyewe kwamba mapitio ya katikati yatafanyika. Yalichelewa kwa sababu ya korona, yakapitishwa mwaka 2023, na yalizua ubishi mkali kwa kuwa wengi waliona yamewapendelea wajenzi wakubwa. Hata hivyo ubishi huo ulifanyika katika mikutano ya wazi na kwenye baraza la jiji, na kila upande ulijua tangu 2014 kwamba siku hiyo ingekuja.

Pingamizi zito zaidi ni la wakazi: ukiruhusu ghorofa karibu na kituo, bei itapanda na maskini wataondoka. Hatari hiyo ni ya kweli, na soko likiachwa peke yake litaitimiza. Dawa yake lazima iandikwe ndani ya marekebisho. São Paulo huwatoza wajenzi wanaotaka kujenga zaidi ya kiwango cha msingi, na mpango wa 2014 ulielekeza angalau asilimia 30 ya fedha hizo kununua ardhi ya nyumba za watu wa kipato cha chini, na asilimia 30 nyingine kwa usafiri wa umma, waenda kwa miguu na baiskeli. Hapa kwetu tuna Magomeni Kota: nyumba 644 za ghorofa, zilizozinduliwa Machi 2022, zilijengwa kwa ajili ya kaya zilizokuwa zikiishi pale pale. Kaya hizo zilisubiri miaka mingi, na njia hiyo ni ghali kwa serikali peke yake. Lakini mfano huo unathibitisha kwamba wakazi wa kipato cha chini na majengo marefu wanaweza kuwa kwenye kiwanja kimoja, mita chache kutoka barabara ya mwendokasi, iwapo haki yao imeandikwa kabla ya kubomoa.

Wapo watakaosema mipango yetu huishia kabatini, basi kuirekebisha ni kupoteza muda. Mpango hukaa kabatini pale bajeti haiusomi. Kwa hiyo marekebisho ya 2026 yaambatane na orodha ya miradi, mamlaka inayowajibika kwa kila mmoja na mwaka wake, na halmashauri zote tano zikubaliane juu ya ramani moja ya hifadhi za barabara, mabonde ya mafuriko na maeneo ya vituo. Ramani hiyo ibandikwe ofisi za kata na serikali za mitaa, ambako viwanja vinauzwa kila siku na ambako mjumbe huitwa kushuhudia mauzo. Mnunuzi akiweza kuiangalia kabla ya kulipa, na benki ikaitumia kabla ya kukopesha, jiji litaokoa fedha nyingi za fidia na kesi, na mtaji wa wananchi wa kawaida, ambao kwa wengi ni nyumba moja tu, utakuwa na usalama ambao X nyekundu haiwezi kuuondoa kwa siku moja.